Hapana ya Mzee Mihambo

Mzee Mihambo Kashindye alikuwa amejibu "hapana" mara sita, na kila alipojibu alimtazama Nyamizi usoni, bila haraka, kama mtu anayekabidhi kitu kwa mikono miwili.

"Umewahi kujaribu kuacha sigara ukashindwa?" Nyamizi aliuliza. Hilo lilikuwa swali la saba.

"Hapana."

"Ulijaribu ukaweza, au hujajaribu?"

"Sijajaribu, mwanangu. Kiwandani tulikuwa tunapewa pakiti asubuhi, pamoja na chai. Nilipostaafu wakawa wananiletea boksi nyumbani kila mwezi. Sasa ningeacha, boksi nimpe nani?"

Alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. Nyamizi aliweka kalamu chini akangoja. Mpira wa oksijeni ulipanda na kushuka juu ya mdomo wa mzee. Mkononi alivaa bangili ya kijivu ambayo Kituo cha Tathmini kilimfunga miezi mitatu nyuma, na bangili hiyo ilikuwa imehesabu kila sigara aliyoiwasha tangu siku ile. Ishirini na mbili kwa siku. Ya kwanza aliiwasha dakika nne baada ya kufumbua macho, kabla hajashusha miguu kitandani. Daktari alimkataza, na mtaa mzima ulijua amekatazwa, lakini bangili ilisema ishirini na mbili.

Nyamizi aliziona namba hizo kwenye kioo mbele yake. Hazikuwa na kazi. Vigezo vya uraibu vilikuwa kumi na kimoja na hakuna hata kimoja kilichouliza mtu anavuta sigara ngapi, wala anaiwasha ya kwanza saa ngapi.

"Huwa unatumia muda mwingi kutafuta sigara?"

"Hapana. Zinaletwa."

"Uvutaji umewahi kukuharibia kazi?"

"Kazi yangu ilikuwa tumbaku." Mzee alitabasamu. "Miaka arobaini na moja nimekuwa mteuzi. Unajua mteuzi? Mkulima analeta mtumba wake sokoni, mimi nalishika jani, nalinusa, nalikunja, nasema hili daraja la kwanza, hili la tatu. Nikisema, limesemwa."

"Najua, mzee. Babu yangu alilima Urambo."

"Basi huenda nimelishika jani lake."

Maswali yalipokwisha, mzee alikuwa na vigezo viwili. Kimoja, kwamba alianza na sigara tatu kwa siku na sasa tatu hazimtoshi hata kwa kifungua kinywa. Cha pili, kwamba anaendelea kuvuta huku akijua inamuua. Sheria ilitaka vinne.

*

Mwaka huo wa 2081 kupata pafu jipya hakukuwa tabu. Walikukwangua seli ndani ya shavu, wakaziotesha kwenye tangi la kioo, na baada ya wiki tisa pafu lako lilikuwa tayari, lako peke yako, lisilomfaa mtu mwingine duniani. Lilipandwa pamoja na kibonge kidogo cha dawa kilichofunga ile milango ya ubongo ambayo tumbaku huingilia, na aliyepandwa hakurudi tena kwenye sigara. Kilichokuwa haba ni mashine ya kupandia. Kanda yote ya Magharibi ilikuwa na moja, nayo ilihudumia watu wawili kwa siku. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa elfu moja na mia tatu.

Ndipo sheria ikawagawa wavutaji mafungu mawili. Mgonjwa ni yule mwenye vigezo vinne au zaidi, ambaye tumbaku ilimkamata akawa hana hiari. Mchaguzi ni yule aliyevuta kwa kupenda kwake. Mgonjwa alipandwa. Mchaguzi alirudishwa nyumbani na mtungi wa oksijeni na karatasi ya ushauri. Aliyeamua nani ni nani alikuwa mtathmini, na Nyamizi Kapama, binti wa miaka thelathini na minne aliyesomea elimu ya nafsi, alikuwa mtathmini kwa mwaka wa sita.

Nje ya chumba, Bi Kalunde, mke wa mzee, alikuwa amekaa kwenye benchi na kapu miguuni. Alisimama alipomwona Nyamizi.

"Amepata?"

"Bado, mama. Amepata viwili. Lakini ipo nafasi ya pili. Atalazwa siku tatu bila sigara. Akionyesha dalili za kukosa, hicho ni kigezo cha tatu. Akisema ana hamu kali, hicho cha nne."

Bi Kalunde alimtazama kwa muda. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kupima.

"Huyo hatasema," alisema. "Nimeishi naye miaka arobaini na minane. Alivunjika mguu kwenye ghala, akaja nyumbani anatembea, nikamuuliza vipi, akasema kajikwaa. Mtu huyo unamuuliza kama ana hamu?"

"Ndivyo swali lilivyo, mama."

"Si unaandika wewe?"

Nyamizi aliitazama kalamu yake.

"Kalamu si iko mkononi mwako, mwanangu? Yeye aseme analosema. Wewe andika kinachotakiwa." Alisema bila kunong'ona, na bila aibu. "Sikuombi kwa ubaya. Nakuomba kama mama yako."

*

Swedi, mtathmini wa chumba namba tano, alikuwa anakula wali na maharage kwenye kantini. Walikuwa wameajiriwa siku moja. Nyamizi alimweleza habari za mzee. Swedi alisikiliza huku akitafuna, halafu akaweka kijiko chini.

"Dada, unaniuliza nini hasa? Andika ndiyo."

"Hakusema ndiyo."

"Hata yule bibi wa ugoro wa Sikonge hakusema ndiyo. Miaka hamsini anavuta ugoro, hajawahi kuukosa hata siku moja, kwa sababu anautwanga mwenyewe. Nikamuuliza, bibi, umejaribu kuacha? Akanicheka. Alikuwa na kigezo kimoja. Nikamwandikia vinne, na leo anapanda mlima."

"Umefanya hivyo mara ngapi?"

"Sijaweka hesabu."

"Na wengine?"

Swedi alitazama meza za jirani, watathmini wenzao wakila, wakisogoa. "Unafikiri wao wana mioyo ya mawe? Ni wewe tu hujui, kwa sababu unapenda sana kitabu cha mwongozo."

Kwa miaka mitatu Nyamizi alikuwa anajaribu kuonyesha kwamba vigezo vina tundu. Vilitungwa kwa ajili ya watu wa pombe na dawa za kulevya, watu wanaofukuzwa kazi, wanaogombana na wake zao, wanaohangaika kutafuta. Mvutaji wa tumbaku haanguki mtaroni. Anaamka, anavuta, anakwenda kazini. Alichukua namba za bangili za watu mia sita akaona kwamba wale wanaowasha ya kwanza ndani ya dakika kumi za kuamka hawakuweza kumaliza saa mbili bila sigara, hata kama hawakuwahi kukosa kazi wala kugombana na mtu. Swali moja lilishinda maswali kumi na moja. Alimpelekea matokeo hayo Dakta Edigna Komba, mkuu wa kituo. Dakta Komba, mtu makini na si mbaya, alisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Niletee watu ambao vigezo vimewakosa. Majina yao, majalada yao. Nitayapeleka mwenyewe Dodoma, wizarani."

Nyamizi alitafuta, kwani chumbani kwake mwenyewe hakuwahi kufika mtu wa namna hiyo. Majalada yote yalionyesha kwamba kila aliyekuwa mraibu alipata vinne au zaidi. Vigezo havikumkosa mtu. Sasa alijua sababu.

"Swedi," alisema. "Mwezi ujao wizara inafunga ile tathmini ya vigezo vyenyewe. Ikionekana vinanasa vizuri, mashine ya kompyuta itaanza kuuliza maswali yenyewe. Nchi nzima. Sisi tutaondolewa."

"Najua."

"Mashine haitaandika ndiyo kwa bibi wa Sikonge."

Swedi alisukuma sahani. "Kwa hiyo mimi ningemwacha bibi afe ili takwimu zako zipendeze?"

Halikuwa swali la kejeli. Aliuliza kwa kutaka jibu.

*

Mzee Mihambo alilazwa Jumatatu. Chumba kilikuwa na dirisha pana, kitanda, kiti cha mgeni, na kamera ndogo juu ya mlango. Siku ya kwanza alikuwa mchangamfu. Aliomba apelekwe kuona pafu lake, kwa kuwa aliambiwa limeshaiva, na mwongozo uliruhusu. Nyamizi alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha matangi.

Lilikuwa linaelea kwenye maji ya uvuguvugu, la rangi ya waridi iliyopauka, likijaa na kunywea taratibu kwa pumzi ya mashine. Karatasi ubavuni mwa tangi iliandikwa jina lake na tarehe. Mzee aliegemea mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Alilitazama alivyozoea kutazama majani, upande huu, upande ule.

"Safi," alisema. "Halina doa."

"Ndiyo, mzee."

"Na msipolipanda?"

"Linazimwa."

Akatikisa kichwa, akaomba warudi.

Siku ya pili hakutulia, alikaa, akalala, akakaa tena. Mapigo ya moyo yalishuka. Alisahau jina la binti yake aliyeko Mpanda, akalitafuta kwa nusu saa nzima, midomo ikicheza. Mchana Bi Kalunde alipomletea uji, aliusukuma ukamwagika, akamwambia mkewe atoke asimwone tena. Kisha akageukia ukuta. Bi Kalunde aliufuta uji kwa khanga yake. Baadaye alimwambia Nyamizi kwamba katika miaka arobaini na minane mzee hakuwahi kumpandishia sauti.

Nyamizi aliandika alivyotakiwa kuandika. Kukosa usingizi hakukuhesabiwa, kwa sababu mgonjwa wa mapafu halali vizuri. Kushindwa kula hakukuhesabiwa, kwa sababu hiyo hiyo. Mwongozo ulisema dalili yoyote inayoweza kuelezwa na ugonjwa mwingine itupwe. Lakini hasira ilihesabiwa, na huzuni, na kutotulia kwa akili, na mapigo. Zilikuwa nne. Mzee alipata kigezo cha tatu.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, Nyamizi alivuta kiti akakaa. Uso wa mzee ulikuwa umesinyaa. Macho yalikuwa mekundu.

"Mzee, nina swali moja tu leo. Katika siku hizi tatu, umekuwa na hamu kali ya sigara, kiasi cha kushindwa kufikiri jambo lingine?"

Mzee aligeuza uso dirishani. Pumzi yake ilisikika chumba kizima.

"Hamu," alisema. "Hamu naijua. Hamu ya nyama, hamu ya kumwona mtoto aliyekwenda mbali. Hii siyo. Hii ni kama nimeamka nikakuta nyumba haina ukuta mmoja. Sitamani ukuta, mwanangu. Nashangaa tu upepo unavyoingia."

"Kwa hiyo jibu lako ni ndiyo au hapana?"

"Hamu, hapana."

Nyamizi alibaki ameishika kalamu. Mwongozo ulisema: neno la mgonjwa, si tafsiri ya mtathmini. Alijua alichokisikia. Alijua pia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza uraibu vizuri kuliko mzee huyu, na kwamba kwenye karatasi maelezo hayo yalikuwa sawa na kitu kisichokuwepo.

Angeweza kuandika na kutoka. Badala yake alinyoosha mkono akazima kinasa sauti kilichorekodi majibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamweleza mzee kila kitu. Alimweleza kwamba amebakiza kigezo kimoja, na kigezo hicho ni neno moja. Kwamba yeye anaweza kuliandika na hakuna atakayeuliza. Kwamba wenzake wote wanaliandika. Kwamba kwa sababu wanaliandika, vigezo vinaonekana vizima, na vikionekana vizima vitapewa mashine, na mashine haitamhurumia mtu.

Mzee alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Nyamizi alifikiri amesinzia.

"Wako wengine kama mimi?" aliuliza.

"Wako. Watu wa kiwandani, wa mashambani, wa mabani ya kukaushia tumbaku. Kina mama wa ugoro."

"Wangapi?"

"Sijui, mzee. Hakuna jalada hata moja linaloonyesha."

"Langu litaonyesha."

"Ukiniruhusu. Lakini pafu hutapata."

Alifumbua macho. "Mwaka mmoja, nikiwa kijana, mkulima alileta jani la daraja la tatu. Mke wake alikuwa anaumwa. Nikamwandikia la kwanza. Nikaona nimetenda wema. Mnunuzi alipofungua mtumba kule mbele akakuta uchafu, akashusha bei ya soko zima. Watu mia mbili walirudi nyumbani wanalia kwa sababu ya wema wangu." Alipumzika kidogo. "Nilisema hapana?"

"Ulisema hapana."

"Basi andika hapana."

"Mama Kalunde aliniomba niandike ndiyo."

"Kalunde nitazungumza naye mimi."

Nyamizi aliwasha kinasa sauti. Aliandika. Mwandiko ulitoka safi kama wa siku zote, na jambo hilo lilimsumbua baadaye kuliko mengine yote. Kisha alitoa sigara kwenye bahasha ya mali za mgonjwa, akamtoa mzee nje kwenye ua, akamzimia mtungi wa oksijeni na kuusogeza mbali, akamwashia. Mzee alivuta mara moja, akaifunga pumzi ndani, na uso wake ukalegea polepole kama wa mtoto aliyebebwa.

*

Jalada lilitoka Ijumaa likiwa na muhuri wa mchaguzi. Jioni ya siku hiyo hiyo walilizima pafu kwenye tangi namba kumi na tisa. Nyamizi alisaini fomu.

Mzee alikaa nyumbani kwake Isevya siku thelathini na moja. Nyamizi alikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta amekaa mlangoni. Mara ya pili hakuweza kukaa, na Bi Kalunde alimpokea Nyamizi kwa heshima zote, akampa kiti, akampa maji, akarudi kitandani kwa mzee. Bangili ilionyesha sigara kumi na nne kwa siku, kisha tisa, kisha mbili. Ya mwisho ilikuwa asubuhi ya Jumanne, saa kumi na mbili na robo, dakika nne baada ya kuamka. Saa tatu alikuwa amefariki.

Taarifa ya tathmini ya vigezo ilisomwa wiki mbili baadaye kwenye ukumbi wa kituo. Watathmini wote walikaa mstari mmoja. Dakta Komba alisimama mbele na kusoma kwa sauti yake tulivu. Kati ya waraibu elfu nne na sitini waliopimwa kanda nzima, vigezo viliwanasa elfu nne na sitini. Watathmini walikubaliana kwa asilimia tisini na tisa. Wizara imeridhika. Kuanzia mwezi ujao maswali yataulizwa na mashine, na mashine itasikiliza sauti na kusoma mapigo ya bangili wakati mtu anajibu, ili anayedanganya ajulikane na jina lake lifutwe kwenye foleni.

Nyamizi alinyoosha mkono, akasimama.

"Dakta, elfu nne na sitini na mmoja. Kuna jalada la Mihambo Kashindye. Vigezo vitatu, sigara ishirini na mbili kwa siku, amefariki. Nililiwasilisha kama uthibitisho kwamba vigezo vimemkosa mtu. Niliambatisha maelezo kurasa tisa."

Dakta Komba alishusha karatasi. "Nililisoma. Nilikwambia nitalipeleka, na nililipeleka."

"Halimo kwenye hesabu."

"Dodoma wamelitoa. Jalada moja linalotofautiana na mengine elfu nne, kwa utaratibu wao, ni kosa la mtathmini. Kinasa sauti kilizimwa dakika kumi na sita, Nyamizi. Ungekuwa wewe ungelihesabu?"

Nyamizi alimtazama Swedi, kisha mwingine, kisha mwingine. Ishirini na wawili walikuwa kwenye mstari ule. Kama watano tu wangesimama wakasema walichoandika, majalada yangefunguliwa upya. Lakini majalada yakifunguliwa, waliopandwa kwa neno la uongo wangeitwa, na watathmini waliowaandikia wangeshtakiwa. Swedi alikuwa anaangalia viatu vyake. Alikuwa na machozi, ila hakusimama.

Naye Nyamizi hakuwataja. Alifungua mdomo ili awataje, akamwona mawazoni yule bibi wa Sikonge ambaye hakuwahi kukutana naye, anapanda mlima wake. Akakaa.

"Kuna swali lingine?" Dakta Komba aliuliza.

*

Alikwenda Isevya Jumamosi asubuhi. Bi Kalunde alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anakata viazi vitamu vipande vyembamba vya kuanika michembe. Nyamizi alipiga magoti akamwamkia, akachukua kisu kingine, akaanza kukata bila kuambiwa. Walikata kwa muda.

"Mama, nimekuja kukuambia jambo."

"Sema."

Akamwambia. Alimwambia habari za ukumbi, za hesabu, za jalada lililotolewa. Hakujitetea. Bi Kalunde hakuacha kukata mpaka alipomaliza.

"Kwa hiyo hakuhesabiwa."

"Hakuhesabiwa, mama."

"Aliporudi kutoka huko kwenu aliniambia mmekubaliana. Aliniambia kufa kwake kutakuwa na kazi, kutawafaa watu. Nilikasirika siku mbili, halafu nikasema, labda. Yeye ni mteuzi, anajua mambo ya kupima." Aliweka kisu mapajani. "Siku thelathini na moja nilikaa naye, namwona anavyotafuta pumzi, najiambia, inafanya kazi, inafanya kazi. Ndiyo iliyonishikilia. Sasa unakuja kuniambia haikufanya."

"Nilifikiri ni haki yako kujua."

"Wewe unapenda sana kweli, mwanangu." Hakukuwa na ukali kwenye sauti yake. "Yeye naye hivyo hivyo. Mkakaa wawili mkakubaliana. Mimi nilikuwa nje ya mlango kwenye benchi. Hamkuniita."

Nyamizi aliinamisha kichwa.

Kuku aliukaribia mkeka, Bi Kalunde akamfukuza kwa mkono.

"Mdogo wangu Nkwabi ameitwa Jumatano," alisema. "Alifanya kazi kwenye mabani miaka thelathini. Anakohoa damu. Wanasema sasa ni mashine inayouliza."

"Ndiyo, mama."

"Huyo si mgumu kama marehemu. Huyo ukimfundisha la kusema, atasema. Nimwambie asemeje?"

Nyamizi alijua maneno yote. Angeweza kuyataja bila kitabu, moja baada ya jingine, manne yanayotosha. Aliwaza mashine ikisikiliza sauti ya Mzee Nkwabi asiyezoea uongo, bangili ikihesabu moyo wake unavyokwenda mbio, na jina likifutwa siku hiyo hiyo. Kisha akamwaza Nkwabi akijibu kwa unyoofu, hapana, hapana, hapana, akirudishwa nyumbani na mtungi wa oksijeni, na jalada lake likionyesha kwamba vigezo vimemkosa.

Aligeuza njia hizo mbili kichwani mpaka akachoka.

"Aseme kweli," alisema mwishowe.

Bi Kalunde alimtazama kwa muda mrefu kwa yale macho ya kupima. Halafu akachukua kiazi kingine.